Vidonge vya kisukari si dawa moja: kwa nini masharti ya mwenzako si yako

Mtu mmoja anayemeza vidonge vya kisukari aina ya pili ameambiwa asiruke mlo hata siku moja. Mwingine, mwenye ugonjwa uleule, ameambiwa chakula kikichelewa hakuna neno. Wa tatu anameza alfajiri, tumbo likiwa tupu, kisha anangoja nusu saa kabla ya kugusa chakula. Wakikutana na kulinganisha maelezo, kila mmoja huondoka na wasiwasi kwamba amepotoshwa, ilhali wote watatu wameambiwa kilicho sahihi kwa dawa zao.

Vidonge vya kisukari ni makundi kadhaa ya dawa zisizofanana. Kila kundi linafanya kazi sehemu yake mwilini, lina madhara yake na masharti yake. Baadhi ya makosa yanayowalaza watu hospitalini hutokea pale sharti la kidonge kimoja linapohamishiwa kwa kingine. Majina ya dawa yameandikwa hapa kama yanavyosomeka kwenye pakiti ili iwe rahisi kuyatambua.

Kidonge kinashika bomba gani?

Ichukulie damu kama tangi, na sukari kama maji yaliyomo. Mabomba mawili huingiza: utumbo, unaoleta sukari ya chakula, na ini, linalotengeneza na kuachia sukari hata usiku mtu akiwa amelala. Njia kuu ya kutokea ni misuli, na insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoifungua. Figo ni bomba la juu la kumwaga ziada: sukari ikipita takriban milimoli 10 kwa lita (mmol/L), huanza kutoka na mkojo.

Katika kisukari aina ya pili mambo mawili huharibika pamoja. Misuli na ini huwa sugu, yaani insulini ipo lakini haisikilizwi, na kongosho nalo huchoka kidogo kidogo. Utafiti mkubwa wa UKPDS wa Uingereza, uliotoa matokeo yake makuu mwaka 1998, ulionyesha kwamba siku mtu anapoambiwa ana kisukari, uwezo wa kongosho lake tayari umeshuka kwa takriban nusu, na huendelea kushuka. Kwa hiyo kidonge kilichotosha mwaka wa kwanza kinaweza kuhitaji mwenzake miaka michache baadaye bila mgonjwa kuwa na kosa lolote. Ini nalo ndilo linalosababisha sukari ya asubuhi kuwa juu kwa mtu ambaye hajala kitu tangu jioni.

Ukishajua kidonge chako kinashika bomba gani, masharti yake mengi yanajieleza.

Metformin: linabanwa bomba la ini

Hii ndiyo dawa ambayo wengi huanza nayo. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1994. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisiachie sukari kupita kiasi. Hailazimishi kongosho kutoa insulini, na kwa sababu hiyo ikitumika peke yake ni nadra sana kushusha sukari hadi kiwango cha hatari. Mlo ukichelewa, anayetumia metformin pekee hana haja ya kuingiwa na hofu.

Chakula kinahitajika kwa sababu nyingine, nayo ni tumbo. Metformin husumbua matumbo: kichefuchefu, gesi, kuharisha, na wengine huhisi ladha ya chuma mdomoni. Dawa ya usumbufu huo ni kuanza taratibu, kwa kawaida miligramu 500 mara moja kwa siku, kisha kuongeza 500 kila wiki hadi kufikia dozi aliyoipanga daktari, ambayo kwa wengi huishia 2,000 kwa siku katika mafungu mawili. Meza katikati ya mlo au mara tu baada ya kumaliza. Anayeanzishiwa 1,000 asubuhi na 1,000 jioni tangu siku ya kwanza mara nyingi huiacha kabla wiki haijaisha, na kusema dawa imemkataa.

Tumbo likiendelea kusumbua baada ya wiki kadhaa, muulize daktari kuhusu metformin inayotoa dawa polepole. Pakiti yake huwa na herufi XR, SR au ER. Kidonge hiki humezwa kizima: hakivunjwi, hakitafunwi, hakisagwi, kwa sababu ukikivunja, dawa iliyokusudiwa kutoka kwa saa nyingi hutoka yote kwa mkupuo. Usishtuke ukiona kitu kama kidonge laini kwenye choo. Hilo ni ganda tu. Dawa yenyewe imeshaingia mwilini.

Sasa lile dai linalosambaa kuliko yote, kwamba metformin inaua figo. Limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Metformin haiharibu figo. Hutolewa mwilini na figo, ikiwa haijabadilika. Figo zikidhoofika kwa sababu nyingine, na sababu kubwa ni sukari yenyewe na presha, dawa hurundikana. Ndiyo maana kipimo cha uchujaji wa figo, kinachoandikwa eGFR kwenye majibu ya maabara, hufanywa kabla ya kuanza na kurudiwa angalau mara moja kwa mwaka. Kikishuka chini ya 45, kwa kawaida dozi hupunguzwa. Kikishuka chini ya 30, metformin husimamishwa. Anayekimbia metformin ili kuziokoa figo, kisha akabaki na sukari ya 15 miezi kwa miezi, anaziumiza figo zilezile anazodhani anazilinda.

Metformin ikirundikana inaweza kusababisha tindikali ya laktiki kuzidi kwenye damu. Ni nadra, lakini ni hatari. Dalili zake ni kupumua haraka na kwa kina, kutapika, maumivu ya tumbo na misuli, na usingizi usio wa kawaida. Unywaji wa pombe kupita kiasi huongeza uwezekano huo. Na ukienda kupigwa picha ya CT inayohitaji kudungwa dawa ya kuonyesha mishipa, sema mapema kwamba unatumia metformin. Mwenye figo dhaifu huambiwa aisimamishe na kuirudia baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena.

Jambo moja husahaulika hata kliniki. Anayetumia metformin kwa miaka anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na dalili yake ni ganzi na miguu kuwaka moto, ambayo ndiyo dalili ya kisukari kuharibu neva. Zinafanana mno. Ukianza kupata ganzi, omba B12 ipimwe kabla ya kuhitimisha kwamba ni sukari.

Vidonge vinavyolisukuma kongosho

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kundi hili huitwa sulfonailurea: glibenclamide, gliclazide, glimepiride na glipizide. Vinaliamuru kongosho litoe insulini, na amri hiyo haiangalii kama sukari iko juu au chini. Ukimeza na usile, insulini itatoka vilevile na tangi litakauka.

Hivyo vidonge hivi hufuata chakula. Gliclazide na glimepiride humezwa pamoja na mlo wa kwanza wa siku. Glipizide ya kawaida humezwa nusu saa kabla ya mlo. Mlo wa kwanza ukichelewa, kidonge nacho kinachelewa. Kama huna hakika chakula kitapatikana saa ngapi, usimeze ukitumaini.

Glibenclamide inahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60. Mzee anayeitumia asiiache ghafla, bali aulize kliniki kama anaweza kuhamishiwa gliclazide.

Gliclazide nayo ina mtego wake. Kuna ya kawaida ya miligramu 80, na kuna ya kutoa dawa polepole, yenye herufi MR, ya miligramu 30 au 60. Kidonge kimoja cha MR 30 kinakaribia nguvu ya kimoja cha kawaida cha 80. Mtu aliyezoea 80 akipewa pakiti ya 30 hudhani amepunguziwa, anameza vitatu ili "kufidia", na kwa hesabu hiyo amemeza kama miligramu 240 za ile ya zamani. Rangi na ukubwa wa kidonge vikibadilika, uliza kabla ya kumeza.

Baadhi ya dawa za maambukizi huongeza nguvu ya vidonge hivi. Co-trimoxazole, fluconazole, clarithromycin na ciprofloxacin zimewahi kuangusha sukari za watu waliokuwa salama kwa miaka. Anayekuandikia dawa ya mkojo au ya fangasi lazima ajue unatumia sulfonailurea, na siku hizo pima sukari mara nyingi zaidi. Prednisolone hufanya kinyume chake: huipandisha sukari, hasa kuanzia mchana hadi jioni.

Sukari ikishuka

Sukari chini ya 4.0 mmol/L imeshuka. Kwa mashine zinazosoma mg/dL ni chini ya takriban 70. Ukitaka kubadilisha mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kwa 18. Chini ya 3.0 ni hatari. Mwili huanza kwa kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Ikiendelea kushuka, ubongo unakosa mafuta yake: mtu hukasirika bila sababu, huongea ovyo, huyumba, na wanaomwona hudhani amelewa. Anayetumia dawa za presha au moyo kama propranolol au atenolol huenda asisikie moyo ukienda mbio, kwa hiyo jasho liwe ishara yake.

Cha kufanya ni kuingiza gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka: kijiko kikubwa kimoja cha sukari kilichokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda yenye sukari. Soda isiyo na sukari haisaidii chochote hapa. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 4.0, rudia. Ikishapanda, kula chakula halisi. Chokoleti na keki haziwi za kwanza kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kufyonzwa. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na apelekwe hospitali haraka.

Na hata akizinduka, kazi haijaisha. Sulfonailurea bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hospitali humzuia mgonjwa kwa siku nzima au zaidi ingawa anajisikia mzima. Wanaomtoroshea nyumbani kwa kuwa "ameshaongea" humrudisha usiku hali ikiwa mbaya zaidi.

Makundi mengine, kwa ufupi

Majina yanayoishia na *-gliptin* (sitagliptin, linagliptin, vildagliptin) husaidia kongosho kutoa insulini pale sukari inapokuwa juu tu. Humezwa na chakula au bila chakula. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yakijitokeza, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kongosho linaweza kuwa limevimba.

Yanayoishia na *-gliflozin* (dapagliflozin, empagliflozin, canagliflozin) hulifungua zaidi lile bomba la figo, sukari ikatoka na mkojo. Kipimo cha mkojo kitaonyesha sukari siku zote, na hilo halimaanishi dawa imeshindwa. Ndivyo inavyofanya kazi. Zimethibitika kulinda figo na moyo kwa wagonjwa wengi. Masharti yake ni kunywa maji ya kutosha na usafi wa sehemu za siri, maana sukari inayopita huko hulisha fangasi. Hatari isiyojulikana na wengi ni asidi ya ketoni, inayotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, kupanda huku mashine ikisoma sukari ya wastani tu, kwa mfano 11. Ukiwa unatumia dawa hizi ukaanza kutapika, kuumwa tumbo na kupumua kwa shida, usitulizwe na namba ya mashine. Kabla ya upasuaji uliopangwa, nyingi husimamishwa siku 3 nzima.

Pioglitazone hupunguza usugu wa misuli. Huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu kuonyesha nguvu yake yote, na huhifadhi maji mwilini, kwa hiyo haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Miguu ikivimba au pumzi ikikata unapolala, toa taarifa mara moja.

Acarbose huchelewesha wanga kumeng'enywa utumboni; humezwa na tonge la kwanza. Ikitumika pamoja na sulfonailurea na sukari ikashuka, sukari ya mezani itachelewa kusaidia kwa sababu dawa inazuia isivunjwevunjwe. Hapo inahitajika glukosi yenyewe.

Semaglutide ya kumeza ndiyo ya yule wa tatu anayengoja nusu saa. Humezwa tumbo likiwa tupu kwa maji yasiyozidi mililita 120, kisha unangoja angalau dakika 30 kabla ya chakula, kinywaji au dawa nyingine. Ukiinywa na chai au glasi tele ya maji, sehemu kubwa ya dawa hupotea bila kufyonzwa.

Siku ya kuumwa na siku ya kusahau

Kutapika, kuharisha na homa kali hukausha maji mwilini na kuzielemea figo. Siku kama hizo, metformin na zile za *-gliflozin* kwa kawaida husimamishwa kwa muda, na kurudiwa mtu akishakula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Sulfonailurea inaweza kuhitaji kupunguzwa au kurukwa kama chakula hakikai tumboni. Anayetumia insulini pamoja na vidonge asiiache insulini kwa uamuzi wake, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huipandisha sukari. Omba mpango huu uandikwe ukiwa mzima. Saa nane za usiku ukiwa unatapika si wakati wa kuanza kuutafuta. Anayekusudia kufunga naye aonane na daktari wiki kadhaa kabla, maana muda na kiasi cha dawa hubadilishwa. Vivyo hivyo mwanamke anayepanga kushika mimba: vidonge vingi kati ya hivi havitumiki wakati wa ujauzito.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka, ila kama ya pili iko karibu, iache ile iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja. Kwa sulfonailurea, ngoja mlo unaofuata.

Kuna pia wanaoongeza kidonge kwa sababu wamekula vitamu kwenye sherehe. Metformin huhitaji siku kadhaa kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo kidonge cha ziada hakitafuta keki ya leo. Sulfonailurea itaifuta, kisha itaendelea kushusha usiku kucha keki ikiwa imeshaisha.

Soma jina dogo, si jina kubwa

Pakiti huwa na majina mawili. Lile kubwa ni la kampuni. Lile dogo chini yake ndilo dawa yenyewe. Dawa moja inaweza kuuzwa kwa majina kadhaa ya kampuni, na pakiti moja inaweza kuwa na dawa mbili ndani, kwa mfano metformin na glibenclamide kwenye kidonge kimoja, ikiandikwa 500/5. Mtu anapotoka kliniki mbili na pakiti mbili zenye majina makubwa tofauti, anaweza kuwa anameza glibenclamide mara mbili bila kujua. Nenda kliniki na pakiti zenyewe, si vidonge vilivyochanganywa kwenye chupa moja, pamoja na kila unachotumia kando, mitishamba ikiwamo. Baadhi ya mitishamba hushusha sukari kweli, na kwa hiyo huongezea kidonge nguvu isiyopimwa. Kemikali iliyofungua njia ya metformin yenyewe ilitoka kwenye mmea uitwao *Galega officinalis*, na mmea huo ni sumu kwa mifugo.

Sukari ikisoma 5.6 asubuhi, hiyo ni sukari ya mtu aliye kwenye dawa. Ukiacha kwa sababu namba ni nzuri, mara nyingi itapanda tena, na mwanzoni hutahisi lolote. Wapo wanaopunguziwa au kuondolewa vidonge kabisa baada ya kupungua uzito sana, lakini hilo hufanywa kwa vipimo. Kinachoamua ni HbA1c, wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambao kwa watu wazima wengi hulengwa kuwa chini ya asilimia 7. Mzee dhaifu huwekewa lengo la juu zaidi, kwa sababu kwake kuanguka kwa kushukiwa na sukari ni hatari kuliko sukari iliyopanda kidogo. Kipimo hiki hurudiwa kila miezi mitatu dawa inapobadilishwa, na kila miezi sita hali ikishatulia.